Kiolezo Kilichotaka Nimweleze Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeanza kuandika shajara. Mtu mwenye cheo huandika mambo yake, na mimi tangu mwezi uliopita nina cheo. Mtunza Tovuti, Ushirika wa Wakulima wa Ndizi wa Mkungu, makao makuu, Nyamira. Makao makuu ni vyumba viwili juu ya duka la mbolea. Bado ni makao makuu.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mpima ndizi. Nikapewa tovuti Linet, aliyeitunza kabla yangu, alipoacha kazi, kwa sababu kuna siku nilichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Wenye midomo wanasema nimepewa kwa kuwa mwenyekiti, Mzee Nyasani, ndiye baba wa Loice mke wangu. Uongo mtupu. Ile karatasi ilikuwa imekwama vibaya sana.

Linet alituachia kiolezo. Ni kama ile karatasi ambayo fundi wa nguo hukatia sare za shule. Kurasa zote za tovuti hukatwa kwa hicho kimoja. Ukikikosea, umewavalisha watoto wote suruali ya mguu mmoja. Ameacha pia masharti ukutani kwa mwandiko wa kalamu nyekundu. Kila picha iandikiwe maelezo. Kila kisanduku cha fomu kiwe na jina lake. Rangi zisififie. Na ukigusa kiolezo, fumba macho ujaribu kujaza fomu kwa kusikiliza simu tu.

Eti kuna wanachama wasioona, na simu zao huwasomea kwa sauti kila kilichoandikwa. Ninamjua mmoja tu, mama mzee, Omong'ina Eucabeth wa Magwagwa. Masharti nimeyafunika kwa kalenda. Si kwa ubaya. Kalenda haikuwa na msumari wake.

Jumatano, 10 Septemba

Habari kubwa! Miche ya ndizi imefika kwenye kitalu chetu cha Kisii. Miche safi, haina ugonjwa wa mnyauko. Lakini ni michache. Wanachama wanajiandikisha kwenye tovuti, mwisho Jumapili saa sita mchana. Atakayekosa angoje mvua za mwaka ujao.

Saa nne akaja Eucabeth. Amepanda ngazi zetu peke yake, fimbo mkononi, akanitambua kwa kikohozi kabla sijafungua mdomo. Mnyauko ulimmalizia shamba mwezi wa tano. Aling'oa mashina yote, akayazika kama tulivyomwagiza. Mama huyu alikuwa akituletea mikungu hadi mizani inalia! Sasa ananunua ndizi sokoni kama mtu wa Nairobi.

Nikamwambia asihangaike, nitamjazia fomu, ni dakika mbili. Akakataa. Mwaka jana alijaziwa na mtoto wa shemeji yake. Miche ikaja, ikapandwa, ikastawi vizuri sana. Kwenye shamba la mtoto wa shemeji. Ndipo Linet akamfundisha kujaza mwenyewe, simu inamsomea na yeye anajibu. Akasema ofisi zote anazoingia anashikwa mkono kama mtoto wa nasari, isipokuwa hii yetu ya kwenye simu. Atajaza Ijumaa jioni, akishamaliza kupika vya Sabato.

Nilitaka kusema neno zuri. Nikakohoa.

Mchana akapiga Geoffrey. Ndiye msimamizi wa tawi la Kisii na kitalu, na huniita Injinia. Si kwa heshima. Ameweka picha ya mwenyekiti akikata utepe kwenye ukurasa wa tawi lake, na mwenyekiti ameisifu mbele ya kamati nzima. Akauliza, Injinia, huko makao makuu mna picha ama mna kutu? Nikacheka kama mtu mzima. Kisha nikakosa hamu ya chai.

Alhamisi, 11 Septemba

Mpango! Picha ya mwenyekiti, kubwa mara mbili ya ile ya Geoffrey, juu kabisa ya ukurasa wa fomu ya miche. Hapo kila mwanachama lazima apite, atake asitake.

Picha ninayo. Mzee Nyasani anapanda mche wa kwanza. Ameinama. Mpiga picha alikuwa nyuma yake. Ndiyo pekee ambayo Geoffrey hakujipenyeza ndani. Mzee mwenyewe aliiona akaipenda, akasema inaonyesha kazi.

Nikaipakia, nikabonyeza Chapisha. Kiolezo kikakataa. Mwelezee picha hii mtu asiyeiona: nani, yukoje, anafanya nini.

Yukoje! Nilikaa nikiyaangalia hayo maneno kama barua ya mahakama. Mimi, mkwe, niandike jinsi baba yake Loice anavyoonekana akiwa ameinama, tena kwa nyuma! Kwetu kuna chinsoni. Mtu na mkwe wake wana haya zao, na hazichezewi. Sifanyi mzaha mbele yake. Akielekea bafuni, mimi huzunguka boma kwa upande wa pili. Nimeoa miaka ishirini na minne, na sijawahi kutamka kama mzee huyu ni mrefu au mfupi.

Nikafungua kurasa za zamani nione Linet alifanyaje. Balaa! Mzee Nyasani, kipara kinang'aa, kitambi cha wastani, amesimama kando ya lori. Mzee Nyasani ameketi, kifungo cha shati kimefunguka. Picha thelathini na moja za namna hiyo. Na chini ya kila ukurasa: Umeandikwa na Haron Ogoti. Linet alipoondoka akaunti yake ilifungwa, na kila alichowahi kuandika kikahamia jina langu. Yaani mwezi mzima nimekuwa nikisimulia kitambi cha baba mkwe kwa wilaya mbili!

Nikaenda kwa Loice na shida yangu. Nilifika kwenye neno kipara, akaziba masikio. Akasema Baba Cynthia, huyo ni babangu, usinisomee, nenda ukasomee ng'ombe.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeshinda. Mimi ni mtu hatari.

Mbona nihangaike na picha moja moja? Nikaingia ndani ya kiolezo chenyewe. Nikatafuta mahali maelezo yanapotokea, nikayakata yote, nikaweka sentensi moja ya adabu itakayotosha kila picha: Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote. Hakuna kipara. Hakuna kifungo. Hata mama mkwe akisikiliza, atatikisa kichwa kwa kuridhika.

Saa tisa na nusu nikabonyeza Chapisha. Kikakubali! Picha ikatokea, pana kama lango la kanisa. Nikampigia mzee, akasema vizuri, Jumapili saa saba atawaita kaka zake waje waione. Nikamtumia na Geoffrey. Hakujibu. Raha iliyoje!

Nilikumbuka ile habari ya kufumba macho na kujaribu fomu. Lakini Ijumaa jua halimngoji mtu, nilikuwa bado sijanunua sukari wala kupeleka suti kwa dobi. Na kwa macho nilikuwa nimeona. Ilikuwa inapendeza.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika jua limeshazama. Sabato imeisha. Amani yangu iliisha mapema zaidi.

Mimi na Eucabeth tunaabudu kanisa moja, Magwagwa. Baada ya chakula cha mchana akaniita pembeni. Akanieleza kwa upole, kama anayempa mtu habari za mgonjwa wake, kwamba ile fomu imerukwa na akili. Kila kisanduku kinajiita Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote. Cha jina, Mheshimiwa Mwenyekiti. Cha kitambulisho, Mheshimiwa Mwenyekiti. Cha kutuma, Mheshimiwa Mwenyekiti. Akasema, "Mwanangu, nimemsalimia mwenyekiti mara tisa na yeye hajaniitikia hata mara moja."

Mwishowe akakisia kwa kukumbuka fomu ya mwanzo wa mwaka. Fomu ya sasa ina mpangilio mwingine. Akabonyeza akiomba Mungu.

Kumbe pale nilipokata, maelezo ya picha na majina ya visanduku yanatoka chungu kimoja! Akaniuliza ni nini kimeharibika. Nikasema ni mtandao. Kanisani. Siku ya Sabato. Mbele ya mama asiyeona.

Na hakunikaripia. Akasema nisijitaabishe leo, siku ya Bwana si ya kompyuta, ila nimkumbuke kesho kabla ya saa sita, kwa sababu shamba lake limekaa tupu na mvua zimeanza, na umri wake si wa kungoja mvua za watu. Kisha akarudi kwenye kwaya, akaimba sauti ya pili vizuri sana. Mimi sikuimba kitu.

Jua lilipozama nikawasha simu. Ujumbe wa Geoffrey. Injinia, kuna mama wa Magwagwa ameomba miche milioni tisa, anataka kupanda hadi Sudan? Nimemfuta, naona ni watoto wanacheza.

Milioni tisa! Ni namba yake ya kitambulisho, imeangukia kwenye kisanduku cha idadi. Amefutwa. Hayumo.

Nikafungua kiolezo nirudishe nilivyokata. Sikuwa nimeweka nakala. Nikajaribu kuandika kwa kukumbuka. Ukurasa ukapoteza rangi. Nikajaribu tena, ukapoteza maneno. Nikaacha kabla haujapoteza na picha. Linet hapatikani, simu imezimwa.

Jumapili, 14 Septemba

Siku ndefu. Niiandike kabla haijageuzwa na watu.

Linet sasa ana kazi Kisii mjini, lakini Jumapili humsaidia mama yake kuuza mitumba katika soko la Daraja Mbili. Saa tatu nilikuwa pale, kompyuta kwapani, nikipita katikati ya ndizi za watu wenye bahati. Nikamkuta ameketi juu ya marobota ya sweta. Nikaanza kueleza kuhusu mtandao. Akaniuliza swali moja: nilifumba macho?

Nikasema nilikuwa na suti kwa dobi.

Hakubishana. Akachukua simu yake, akaiwasha isome kwa sauti, akanifunga macho kwa skafu ya mtumba, shilingi hamsini, na kuniambia jaza, Baba Cynthia, tuone. Hapo mbele ya wateja! Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, ikasema simu. Nikabonyeza. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote. Nikabonyeza tena. Mama wa viazi akauliza kama nimeokoka ama nimeugua. Kufikia mara ya nne akina mama wa upande wa nyanya walikuwa wakiitikia, "Yupo!" Nilitoka jasho. Jina langu niliishia kuliandika kwenye kisanduku cha simu, na kwenye idadi ya miche nikaandika Nyamira.

Nilipofunguliwa macho nikaikunja ile skafu. Linet akasema kwa sauti ya chini kwamba Omong'ina Eucabeth alijifunza fomu ile kwa majuma matatu, akifika ofisini kwa miguu. Majuma matatu, Baba Cynthia. Afadhali angenitukana.

Bahati kubwa, alikuwa na nakala ya kiolezo. Akairudisha kwa kutumia akaunti yangu, vidole vikienda kama vya mchuma chai. Saa nne na nusu kila kisanduku kikawa na jina lake. Nikataka kumkumbatia, nikakumbuka mama yake yuko.

Kisha akabonyeza Chapisha. Kiolezo kikakataa. Mwelezee picha hii mtu asiyeiona: nani, yukoje, anafanya nini.

Picha ya mzee! Fomu ya miche iko chini yake, na bila maelezo ukurasa mzima hautoki. Linet akasema niitoe picha. Nitamtoaje? Saa saba kaka zake wanakuja kuiona! Kumwondoa mkwe mahali ambapo umemketisha mwenyewe ni aibu kuliko kumweleza. Akasema basi nimweleze. Siwezi! Basi yeye Linet aeleze. Lakini akaunti ni yangu, chini patasomeka Haron Ogoti. Akashusha pumzi. Akasema ushirika una akaunti mbili tu siku hizi. Mwenye ile nyingine si mkwe wa mtu.

Nilielewa. Nilijifanya sijaelewa. Nikazunguka sweta mara mbili nikitafuta njia ya tatu.

Saa tano na robo Eucabeth akapiga. Ameketi nje chini ya ukingo wa paa, simu ya kusomea mkononi, mtoto wa shemeji amepita akajitolea kumjazia, amemfukuza. Akauliza tu, mwanangu, nijaribu sasa?

Nikampigia Geoffrey, nikamwomba aieleze picha kwa akaunti yake.

Alicheka muda ambao mtu angeweza kumenya ndizi za familia nzima. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie na neno tafadhali. Nikarudia na neno tafadhali. Nikamweleza pia kwamba zile milioni tisa hazikuwa utani wa watoto, ni mama mwenye shamba tupu, na kosa ni langu. Hapo akaacha kucheka. Akasema, "Ungeanza na hilo, Injinia, tungekuwa tumemaliza."

Akaandika. Mwenyekiti Nyasani, mzee mfupi mwenye mabega mapana, ameinama akipanda mche wa ndizi. Kando yake yuko mkwe wake, mwanamume mnene aliyeshika kofia ya mzee, akiangalia mawinguni.

Sikuwa nimejiona! Niko pale kweli, pembeni, na tumbo lote. Sikuwa na muda wa kulalamika. Saa tano na dakika arobaini ukurasa ukatoka, nikampigia Eucabeth ajaribu.

Tukakaa mimi na Linet juu ya robota moja tukiangalia orodha ya wanaojiandikisha. Jina la mtu wa Keroka. Jina la mtu wa Manga. Saa sita kasoro dakika kumi, hakuna. Kasoro saba. Nikaanza kuomba. Kasoro nne likaingia. Eucabeth, Magwagwa, miche themanini. Kila kitu kisanduku chake. Nikapiga kelele, mwenye viatu vya mtumba akakimbia akidhani askari wa kanjo wamekuja.

Baadaye akanipigia mwenyewe. Hakuzungumza habari za fomu. Alikuwa anacheka. Eti miaka yote ananijua kwa kikohozi, leo ndiyo amejua na tumbo. Akauliza mawinguni nilikuwa natafuta nini. Nikasema ni chinsoni, mama, mzee alikuwa ameinama. Akasema nimefanya vizuri kugeuka. Kisha akasema ameshachimba mashimo ishirini na atachimba mengine kesho.

Mzee na kaka zake waliangalia picha saa saba. Wamesema inaonyesha kazi. Hawakusoma chini, kwenye jina la Geoffrey.

Jumanne, 16 Septemba

Nimetafakari kwa kina siku mbili. Mtu mzima hukaa chini akajiuliza, nilikosea wapi?

Jibu nimelipata. Niliwafikiria kidogo mno wanachama wasioona. Nimeamua kuwatendea makubwa, hasa Eucabeth, ambaye kesho atafungua ukurasa kusikiliza tarehe ya kuchukua miche yake na mahali pa kuichukulia.

Nimerekodi sauti yangu mwenyewe. Karibu sana mwanachama mpendwa, na kuendelea, dakika nne na nusu. Nimegusia historia ya ushirika, hali ya mvua, na mwishoni nimeimba ubeti mmoja. Ukifungua ukurasa tu, inaanza yenyewe. Kurasa zote, kwa hiyo nimeiingiza moja kwa moja kwenye kiolezo. Kitufe cha kuizima sikuweka, mtu asije akakibonyeza kwa bahati mbaya akakosa ubeti. Simu yake itakuwa inamsomea tarehe na mimi nitakuwa naye palepale, tunazungumza wote pamoja. Atajisikia ana watu.

Geoffrey kwenye ukurasa wake hana sauti yoyote. Kimya kama kaburi!

Linet sijamwambia, nataka ashtuke. Nimeisikiliza mara tatu ofisini, macho wazi kabisa, na kikohozi changu kimetoka vizuri. Loice aliuliza kama nina uhakika, baada ya yote yaliyonipata. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mara ile kosa langu lilikuwa moja tu. Kiolezo hakiguswi Ijumaa, siku ya haraka za Sabato.

Leo ni Jumanne.